Kiambatisho cha Lazima

Watu wote, wa karibu na wa mbali, wajulishwe kwamba siku ya Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, katika ukumbi mdogo wa Idara ya Alama na Mabango ya Barabara, karatasi ilistaafishwa rasmi kwa manufaa ya umma. Ilisomewa wasifu wake. Ilipigiwa makofi. Rimu moja iliyofungwa utepe mwekundu iliwekwa juu ya meza, na watumishi wakapita kwa mstari kuiaga. Dereva mmoja alivua kofia.

Kisha Mkurugenzi akapanda jukwaani, akagonga kipaza sauti mara tatu, kama wafanyavyo viongozi wanaotaka kuhakikisha kwamba kipo.

"Ndugu watumishi," alisema, "waraka wa zamani ulikuwa bubu. Unalala mezani, hauulizi, haujibu, mtu anaumwagia chai na wenyewe kimya. Kuanzia leo tunahamia kwenye Waraka Shirikishi! Una vitufe. Una orodha zinazofunguka. Una mahali pa kuambatisha picha, sauti na video. Ukiubonyeza, na wenyewe unakubonyeza!"

Sentensi hiyo ya mwisho haikuwemo kwenye hotuba aliyoandikiwa, lakini ndiyo iliyoshangiliwa zaidi. Kufikia mchana ilikuwa imechorwa ukutani kwenye ngazi, kwa rangi iliyotengwa kwa ajili ya vivuko vya waenda kwa miguu.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Kila waraka, uwe wa kuomba likizo, uwe wa kuomba balbu, lazima uwe na viambatisho visivyopungua saba. Kwa nini saba? Mkurugenzi alifafanua kwamba sita ni uvivu na nane ni kujionyesha. Mpaka vitimie, kitufe cha kutuma kitabaki cha kijivu na hata ukikigonga kwa nyundo hakitakusikia. Vikitimia, kitageuka kijani.

Palepale ukumbini Waraka wa Mfano ulitumwa kwa watumishi elfu moja mia mbili na arobaini, makao makuu na matawini, ukiwa na viambatisho saba kamili na kitufe kikubwa chini yake kilichoandikwa: Nimesoma na Nimeelewa. Ndani ya dakika nne watumishi wote walikuwa wamesoma na wameelewa, akiwemo mmoja aliyestaafu mwaka juzi. Mkurugenzi alifuta jasho la furaha.

Safu ya nyuma kabisa alikaa Bi Masijala. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa ametunza masijala, chumba cha majalada ya Idara, kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka jina alilopewa na wazazi wake likabaki ndani ya jalada lake tu. Alikuwa na miaka hamsini na sita, miwani ya kamba, na mkono unaojua jalada lipo rafu gani bila jicho kuambiwa. Msije mkadhani alikuwa mpinga maendeleo. Alipiga makofi kama wengine. Ila wakati anapiga, kichwani alikuwa anahesabu siku, na zilikuwa kumi na moja.

Binti yake wa pekee alikuwa anatarajia mtoto wa kwanza, katika mji ulio mwendo wa siku nzima kutoka hapo. Mkwewe alikuwa mchimba visima, na wiki hizo alikuwa huko visimani ambako hata simu hukamata kwa kubahatisha. Na binti mwenyewe, jamani, alikuwa mtu wa kuzimia akiona sindano ya kushonea. Alishamwambia mama yake kwenye simu, akilia: "Mama, sitaki shangazi, sitaki jirani. Nikikuona wewe mlangoni, nitaweza. Usipokuja, mimi sijui."

Bi Masijala alijibu, "Nitakuja, mwanangu. Hata iweje."

Alichohitaji ni likizo ya siku kumi na nne. Zamani ungeandika barua ya mistari mitatu, bosi angeichora sahihi, ukaondoka. Lakini zamani ilikuwa imeagwa Jumatatu na utepe mwekundu.

Wiki ya kwanza ya Waraka Shirikishi ilikwenda vizuri kupita kiasi. Mtunza stoo aliomba makopo manne ya rangi, akaambatisha picha saba za kopo lilelile: mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu, chini, na moja akiwa amelikumbatia. Dereva aliyetaka gari litengenezwe aliambatisha sauti ya injini ikikoroma. Mchoraji wa vibao aliomba mapumziko ya ugonjwa na kuambatisha video ya kikohozi, ikarudishwa kwa maelezo kwamba kikohozi hakisikiki vizuri, akohoe upya akiwa karibu na simu. Waliopungukiwa viambatisho walijaza chochote kilichokuwa karibu: shemeji akikata keki, tairi, kibao cha Punguza Mwendo. Kitufe hakikuwa na neno. Mradi saba, kinawaka kijani.

Jumatano ya wiki hiyohiyo, asubuhi, Bi Masijala alikaa mbele ya kompyuta ya masijala, akavuta kiti, akafungua fomu ya likizo. Fomu ilimsalimia kwa jina. Ilimuuliza anajisikiaje leo na kumpa nyuso tano za kuchagua. Alichagua ya katikati. Ikafungua orodha ya sababu za likizo, akaona imeandikwa: Uzazi katika Familia. Alishusha pumzi. Kumbe mambo si magumu hivyo!

Akabonyeza. Fomu ikatoa nyota nyekundu na maneno haya: Kiambatisho cha lazima, cheti cha kuzaliwa cha mtoto husika, chenye namba; kiambatisho kingine hakitapokelewa badala yake.

Aliyasoma mara mbili kwa miwani na mara moja bila miwani. Kisha akampigia Mtaalamu wa Mifumo, mwanamume mwenye kitambi kidogo na utulivu mkubwa, aliyekuwa na ofisi yenye kiyoyozi ghorofa ya tatu. Mtaalamu alishuka, akaangalia kioo, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mfumo uko sawa," alisema.

"Najua uko sawa. Nauliza mtoto. Hajazaliwa bado."

"Ndiyo maana unakataa. Unalinda Idara dhidi ya watoto hewa."

"Huyu si hewa, yuko tumboni! Hivi mtu anaomba likizo ya kwenda kwenye uzazi wakati mtoto ameshapata cheti? Si atakuwa anatambaa?"

"Bi Masijala," alisema Mtaalamu kwa upole, "mimi natengeneza mfumo. Watoto siwezi kuwaingilia. Lakini kwa kukusaidia, jaribu sababu ya jirani kwenye orodha. Wakati mwingine mlango wa pembeni uko wazi."

Sababu ya jirani ilikuwa Kujifungua. Bi Masijala alisitasita, akajipa moyo, akabonyeza.

Lo! Kioo kizima kilijaa maputo. Muziki ukaanza kupiga, ule wa tarumbeta, na hakuna aliyejua unapunguzwa wapi. Maandishi makubwa yakapita: Hongera, Mama Mtarajiwa! Kwa kuwa waraka ulikuwa shirikishi, uliwashirikisha wote. Simu za watumishi elfu moja mia mbili na arobaini zililia kwa pamoja, zikatangaza kwamba mtunza masijala, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, ni mjamzito, na likizo yake ya uzazi itaanza baada ya miezi minane.

Wa kwanza kufika alikuwa mpishi wa kantini, amebeba mto wa kukalia. "Shoga, ungesema mapema, ningekuwekea maziwa!" Wa pili alikuwa mlinzi wa getini, aliyesimama mlangoni wima na kumpigia saluti. "Mama, wewe ni jembe," alisema, na macho yake yalionyesha kwamba anamaanisha. Kabla hajawafukuza wote, simu yake ikalia. Alikuwa mumewe, fundi cherehani, anayefanyia kazi barazani nyumbani.

"Bibie, nimeletewa ujumbe na ofisi yenu. Wananipa hongera."

"Usiwasikilize."

"Wanasema nijiandae."

"Nimesema usiwasikilize, baba we!"

"Mimi sikatai," alisema Fundi taratibu, na kwa jinsi kulivyokuwa kimya upande wake, cherehani ilikuwa imesimama. "Nauliza tu, nishone nepi au nisishone?"

"Shona! Za mjukuu wako!"

Kufuta taarifa hiyo kulihitaji viambatisho saba, kwa hiyo ujauzito ukabaki kwenye mfumo. Bi Masijala hakukata tamaa. Alijaribu Msiba, fomu ikataka jina la marehemu, akaogopa hata kufikiria, akafunga haraka. Alijaribu Masomo, ikataka matokeo ya mtihani. Alijaribu Mengineyo, ikamwuliza mengineyo yapi, na alipoeleza, ikamrudisha kwenye Uzazi katika Familia. Kufikia Ijumaa alikuwa amekataliwa mara tisa. Angeondoka tu bila ruhusa, wangeandika utoro kazini, na utoro kwa mtu aliyebakiza miaka minne ya kustaafu ni kuichoma nyumba ukiwa umefika kwenye kuezeka. Hilo alilijua vizuri kuliko yeyote, maana barua za watoro zote alizifungua na kuzifunga yeye.

Akaamua kupanda kwa Mkurugenzi mwenyewe.

Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa na zulia, mapazia mazito, na ramani ya nchi yenye vialama vya barabara vilivyochomekwa kila mahali. Kompyuta yake ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa, na juu ya kitambaa kuna chombo cha maua. Alimpokea Bi Masijala kwa mikono miwili, maana si mtu mbaya. Hilo lisemwe wazi. Tatizo lake ni kwamba alipenda kila mtu atoke ofisini kwake akiwa amefurahi, bila yeye kubadilisha chochote.

"Mheshimiwa, mtoto hajazaliwa," alisema Bi Masijala.

"Naelewa."

"Hana cheti."

"Naelewa kabisa. Kikipatikana tu, njoo, hata iwe saa ya chakula. Nitakushughulikia mwenyewe."

"Kikipatikana, atakuwa ameshazaliwa."

"Sasa si ndiyo furaha yenyewe?"

"Mimi nataka niwepo akizaliwa! Binti yangu yuko peke yake."

Mkurugenzi alifikiri. Alizungusha kalamu yake ya wino vidoleni, ile yenye kifuniko cha dhahabu. "Haiwezekani cheti kikaombwa mapema kidogo? Siku hizi watu wanatanguliza mambo."

"Kinaandikwa jinsia, Mheshimiwa. Na tarehe. Na saa."

"Wakadirie."

Bi Masijala alimwangalia. Alikuwa amewaona wakurugenzi saba wakipita katika kiti hicho, na kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake. Huyu wa sasa alisimama, akamshika bega, akamsindikiza hadi mlangoni huku akisema maneno ambayo baadaye angeyajutia: "Bi Masijala, rudi kwenye Waraka wa Mfano. Usome kwa makini. Kila jibu limo humo."

Mchana huo binti alipiga simu. Sauti ilikuwa ndogo. Daktari alikuwa amempima akasema mtoto ana haraka, huenda ikawa ndani ya siku nne, si saba tena.

"Mama, umefika wapi na hiyo ruhusa?"

"Inaandaliwa."

"Nani anaiandaa?"

Bi Masijala alikata simu, akainamisha kichwa juu ya meza, akalia kidogo katikati ya majalada yake, maana hapakuwa na mtu. Kisha akajifuta, akavaa miwani, akafungua Waraka wa Mfano. Ameambiwa asome, atasoma.

Na hapa ndipo panahitaji maelezo, kwa sababu watu wa masijala hawasomi kama wewe na mimi. Katika jalada, karatasi ya kwanza iko chini na ya mwisho iko juu. Anayetaka kujua jambo lilianzaje huanzia chini. Mkono wa Bi Masijala ulikuwa umefanya hivyo miaka thelathini na mmoja, haukujua njia nyingine. Kwa hiyo alishuka moja kwa moja hadi mwisho wa orodha, kwenye kiambatisho namba saba, akakibonyeza.

Hakikuwa mwongozo. Ilikuwa barua iliyoandikwa kwa mkono, kwa wino wa bluu, kisha ikapigwa picha. Ilikuwa inakwenda Ofisi Kuu, iliyo juu ya Idara zote, na ilikuwa na tarehe ya wiki tatu kabla ya karatasi kuagwa. Ilisema hivi:

"Nimejaribu kuufungua Waraka Shirikishi mara tisa. Mara ya nane uliniuliza kama mimi ni binadamu. Nilibonyeza ndiyo, ukanitaka niambatishe ushahidi. Vidole vyangu ni vinene na vitufe ni vidogo. Naomba kwa heshima na taadhima niendelee kutumia karatasi na kalamu mpaka nitakapostaafu, na jambo hili libaki kati yetu."

Chini yake ilikuwepo sahihi ya Mkurugenzi, ile yenye mkia mrefu. Na chini zaidi, muhuri na jibu la Ofisi Kuu. Ofisi Kuu haina tabia ya kumpa mtu mmoja upendeleo, kwa hiyo ilikuwa imewapa wote: "Ombi limekubaliwa. Kibali hiki kinamhusu mtumishi yeyote aliyetimiza miaka hamsini na mitano, au aliyekataliwa na Waraka Shirikishi zaidi ya mara tatu."

Bi Masijala alisoma kuanzia chini kwenda juu, kisha kuanzia juu kwenda chini. Alikuwa anastahili mara mbili.

Alikwenda kwa Katibu Muhtasi, mwanamke mwenye adabu zake aliyekaa nje ya mlango wa Mkurugenzi, akamwuliza kwa kunong'ona, "Dada, kiambatisho cha saba ulikitoa wapi?"

"Usiniulize," alijibu Katibu Muhtasi bila kuacha kuchapa. "Nilikuwa na vitu sita. Picha yake, hotuba, ratiba ya usafi, maelekezo ya mtungi wa maji, sikumbuki na nini. Kitufe kinagoma. Yeye yuko ukumbini, kipaza sauti kimeshawashwa, ananipigia simu: weka chochote, kiwe kijani! Nikaweka kilichokuwa juu ya trei. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema Bi Masijala. "Kimewaka kijani vizuri tu."

Akarudi masijala. Akavuta droo ya chini, akatoa karatasi moja nyeupe, akaandika barua ya mistari mitatu. Akachapisha kiambatisho namba saba, akakipachika nyuma yake kwa pini, akapanda ngazi kwa mara ya pili siku hiyohiyo.

"Karatasi?" Mkurugenzi alishtuka kama aliyeletewa nyoka. "Bi Masijala! Karatasi tuliiaga!"

"Nimeambatisha, Mheshimiwa."

Alifunua ukurasa wa pili. Alisoma. Macho yalimtoka. Alitazama mlango, akatazama dirisha, akatazama kompyuta chini ya kitambaa chake cheupe, kisha akakaa polepole.

"Umeipata wapi?"

"Kwenye Waraka wa Mfano. Uliniambia nisome kwa makini."

"Iko kwenye... Ule uliokwenda kwa watu wote?"

"Elfu moja mia mbili na arobaini."

Mkurugenzi alifungua kola. "Nani mwingine ameiona?"

"Hakuna."

"Una hakika gani?"

"Mheshimiwa, hakuna mtu anayesoma viambatisho. Watu wamebonyeza wameelewa, wakaenda kunywa chai. Mimi nimesoma kwa sababu ndiyo kazi yangu."

Hapo Mkurugenzi alifanya jambo ambalo Bi Masijala hakuwahi kuliona tangu aanze kumjua. Alicheka, kicheko kidogo cha mtu aliyevua kiatu kinachobana. Akafungua kifuniko cha dhahabu, akaweka sahihi yake yenye mkia mrefu chini ya ombi la likizo, kwa raha, taratibu, akaupuliza wino ukauka.

"Siku kumi na nne," alisema. "Msalimie mzazi. Sasa niambie, hiki kitu kinaondolewaje pale?"

"Kuna utaratibu wa kuondoa hati kwenye waraka uliokwisha kutumwa. Uko ukurasa wa nne wa kanuni za Waraka Shirikishi, uliuidhinisha mwenyewe. Lakini nikushauri kitu, baba yangu, kwa miaka niliyokaa na makaratasi? Kiache. Usikiguse. Kitalala hapo mpaka sote tustaafu, na hakuna atakayekijua."

"Nitakiacha," alisema Mkurugenzi.

Alikuwa anamaanisha, masikini. Alikaa nacho Ijumaa jioni, akakaa nacho Jumamosi nzima nyumbani, mkewe akimwuliza mbona hasikii anapoitwa. Jumapili alimpigia simu Katibu Muhtasi na kumwagiza kesho yake, mapema kabisa, ajaze fomu ya kuondoa.

Bi Masijala alishuka kwenye basi Jumamosi jioni, na nepi kumi na mbili alizoshona Fundi zikiwa kwenye mfuko. Binti alikuwa amesimama mlangoni, tumbo mbele, kanga imekaa upande. Alipomwona mama yake alisema tu, "Umekuja," na wote wawili wakalia bila haya, mpaka jirani akatoka kuuliza kama kuna msiba.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, katika hospitali yenye kuta za kijani kibichi hadi nusu, alizaliwa mtoto wa kike. Binti hakuzimia. Alikuwa ameubana mkono wa mama yake kiasi kwamba alama za kucha zilibaki, na Bi Masijala alizitazama alama zile kwa fahari kubwa. Walimpa mjukuu amshike. Alikuwa mzito, amekunja uso kama mtu aliyerudishiwa fomu.

Saa nne na nusu simu yake ikatetemeka mfukoni. Alimhamishia mtoto mkono wa kushoto, akasoma.

"Ndugu Mtumishi, Mkurugenzi anaomba kuondoa Kiambatisho Namba Saba kwenye Waraka wa Mfano. Kwa mujibu wa ukurasa wa nne, watumishi wote wanatakiwa kutoa maoni. Ili maoni yako yawe na tija, tafadhali kisome kwanza. Kitufe cha maoni kitawaka kijani utakapofika mwisho wa kiambatisho."

Bi Masijala alisoma mara mbili. Akamtazama mjukuu. "Jamani," alisema taratibu, "nilimwambia asikiguse."

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika historia ya Idara, watumishi elfu moja mia mbili na arobaini walisoma kitu hadi mwisho. Walikisoma wachoraji wa vibao juu ya ngazi zao. Walikisoma madereva, gari zimeegeshwa. Mpishi wa kantini aliwasomea kwa sauti wale waliosahau miwani, na alipofika penye vidole vinene na vitufe vidogo alilazimika kupumzika ili watu wamalize kushikana mbavu. Hakuna aliyekasirika. Walichofanya ni kuhesabu wamekataliwa mara ngapi, na kila mmoja alipata zaidi ya tatu.

Jumanne saa tano, Katibu Muhtasi alipiga simu. Nyuma yake kulikuwa na kelele kama za sokoni.

"Bi Masijala, hongera ya mjukuu, nimesikia. Mzazi hajambo?"

"Hajambo. Huko kuna nini?"

"Mstari! Umeanzia kwenye mlango wake, umeshuka ngazi zote, umetoka nje ya geti. Kila mtu ana barua kwa mkono, na kila barua ina kile kiambatisho kwa pini. Ile rimu ya utepe mwekundu imekwisha, wameifungua. Mtaalamu wa Mifumo naye nimemwona, ni wa arobaini hivi kwenye mstari, anaomba feni. Kiyoyozi kimeharibika, na fomu inataka picha ya ubaridi."

"Na Mkurugenzi?"

"Anasaini tangu saa moja. Mkono umevimba. Barua zimejaa hadi kwenye zulia, hakuna anayejua ipi imejibiwa na ipi haijajibiwa." Alishusha sauti. "Yuko hapa pembeni yangu. Anasema anakuomba, kwa hisani yako, ukatishe likizo urudi kesho. Anasema bila wewe atazikwa humu ndani."

Kitandani binti alikuwa amelala usingizi mzito. Mtoto alikuwa macho, kwenye nepi yake mpya, akitazama dari. Bi Masijala alimfunika miguu, akajiegemeza kwenye kiti.

"Mwambie nimesikia," alisema. "Aniandikie barua, kwa mkono wake, aeleze sababu. Nitaisoma nikirudi."